Filamu za Ukatili wa Kihistoria: Jinsi Nafsi Inavyoupokea Uchungu na Jinsi ya Kuustahimili

Tarehe 29 Novemba 1945, katika mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, taa za ukumbi wa mahakama zilizimwa na sinema ikaanza kuonyeshwa. Ilikuwa filamu ya muda wa saa moja hivi, iliyokusanywa kutokana na picha zilizopigwa wakati majeshi ya Marekani na Uingereza yalipoingia katika kambi za mateso za Wanazi. Wakuu wa utawala wa Hitler waliokuwa wakishtakiwa waliketi kizimbani, na taa hafifu ziliwekwa mahali hapo ili nyuso zao zionekane gizani. Mwanasaikolojia Gustave Gilbert na daktari wa maradhi ya akili Douglas Kelley, wote wa jeshi la Marekani, waliwachunguza washtakiwa na kuandika walichokiona.

Hjalmar Schacht, aliyepata kuwa gavana wa benki kuu, alikataa kutazama, akaligeuzia pazia mgongo. Walther Funk, aliyekuwa waziri wa uchumi, alilia. Wengine walitazama kidogo wakageuza nyuso, wakatazama tena. Picha zilikuwa zile zile na ukumbi ulikuwa ule ule, lakini kila mmoja alizipokea kwa namna yake.

Watu wale walikuwa na mengi ya kujibu mbele ya sheria. Hata hivyo, jambo lililoonekana siku ile humpata pia mtazamaji asiye na hatia yoyote. Filamu zinazosimulia maangamizi ya Wayahudi, mauaji ya Kambodia au mauaji ya kimbari ya Rwanda hutazamwa mashuleni, vyuoni, katika kumbi za sinema na majumbani. Watazamaji wengine hutoka nje kabla ya mwisho. Wengine hukaa wakavu kama jiwe, kisha usiku wakakosa usingizi. Wengine huapa kutotazama tena filamu ya namna hiyo maishani mwao. Je, uchungu huu ni wa lazima? Na kama ni wa lazima, mtu aubebe vipi bila kudhurika, na bila kuupa kisogo ukweli ulioandikwa katika picha zile?

Wataalamu wa elimunafsi wamelichunguza suala hili kwa zaidi ya miaka 60, na sinema yenyewe imekuwa chombo chao kikuu cha majaribio. Matokeo yao yanaonyesha kwamba uchungu wa mtazamaji ni jambo la kawaida la mwili wenye afya. Yanaonyesha pia kwamba athari ya uchungu huo hutegemea kwa kiasi kikubwa mambo ambayo mtazamaji anaweza kuyapanga mwenyewe: anachokijua kabla ya kutazama, anachokifanya wakati wa kutazama, na watu alio nao baada ya hapo.

MWILI MBELE YA PAZIA

Akili ya binadamu inafahamu vema kwamba sinema ni mwanga tu unaoangukia pazia. Lakini zipo sehemu za ubongo ambazo hazingoji ufahamu huo. Sehemu mojawapo ni amigdala, kiungo kidogo chenye umbo la lozi kilicho ndani ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto. Macho yaonapo uso wenye hofu au maiti iliyotupwa, amigdala hutoa ishara kwa haraka sana. Ishara hiyo hupita katika mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huanza kwenda mbio, viganja hutoa jasho, koo hukauka na kazi ya kusaga chakula hupungua. Ndiyo maana watu wengi husema kwamba filamu fulani imewasokota tumbo. Baada ya dakika chache hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huuweka mwili katika hali ya tahadhari kwa muda mrefu zaidi.

Mabadiliko haya humwandaa mtu kupigana au kukimbia. Mtazamaji wa sinema hafanyi lolote kati ya hayo mawili, kwani ameketi kitini. Katika filamu ya kubuni ya kutisha, anaweza kujituliza kwa kujikumbusha kwamba damu ile ni rangi na aliyekufa ni mwigizaji. Katika filamu ya ukatili uliotendeka kweli, mlango huo wa kutorokea umefungwa. Hata pale waigizaji wanapotumika, mtazamaji anajua kwamba walikuwapo watu halisi waliopatwa na mambo yale, na kwamba hakuna awezalo kufanya sasa ili kuwaokoa. Hali hiyo ya kushuhudia bila uwezo wa kutenda ndiyo iufanyao uchungu wa filamu hizi kuwa mzito kuliko hofu ya kawaida.

MAELEZO HUBADILI MWITIKIO

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Richard Lazarus na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walifanya majaribio ambayo hadi leo ni msingi wa elimu hii. Walitumia filamu isiyo na sauti iliyoonyesha desturi ya jando ya wenyeji wa asili wa Australia, ambamo vijana walikatwa kwa jiwe lenye makali. Watazamaji walifungwa vyombo vya kupima mapigo ya moyo na uwezo wa ngozi kupitisha umeme, uwezo ambao huongezeka mtu atokapo jasho, hata likiwa dogo lisiloonekana.

Matokeo ya mojawapo ya majaribio hayo, yaliyochapishwa mwaka 1964, yalitokana na kuonyesha filamu hiyo hiyo kwa namna nne. Kundi moja liliitazama bila sauti. Kundi la pili lilisikia maelezo yaliyosisitiza maumivu na hatari. Kundi la tatu liliambiwa kwamba vijana wale hawaumii sana na kwamba wanaifurahia siku yao. Kundi la nne lilisikia maelezo ya kitaalamu, kama ya mchunguzi wa mila anayeeleza kwa utulivu anachokiona. Vipimo vilionyesha kwamba waliosikia maelezo ya maumivu walitaharuki zaidi kuliko wote. Kundi la tatu na la nne walitaharuki kwa kiasi kidogo zaidi. Katika jaribio lingine la mwaka huo huo, Lazarus na Elizabeth Alfert waligundua kwamba maelezo ya kutuliza yalikuwa na nguvu zaidi yalipotolewa kabla ya filamu kuanza kuliko yalipotolewa wakati picha zikiendelea.

Jambo kubwa lililojitokeza ni kwamba mwili hauijibu picha peke yake. Huijibu picha pamoja na maana ambayo akili imeipa picha hiyo. Lakini hapa pana hadhari muhimu kwa filamu za kihistoria. Njia ya kundi la tatu, yaani kukana kwamba watu wanaumia, huutuliza mwili kwa gharama ya ukweli. Mtu anayejituliza mbele ya picha za Auschwitz kwa kujiambia kwamba huenda mambo hayakuwa mabaya hivyo amepata nafuu, lakini ameanza safari ya kuwakana wafu. Njia ya kundi la nne haina kasoro hiyo. Kujua kambi ile ilikuwa wapi, nani aliijenga, treni zilitoka miji gani na kwa amri ya nani, huipa akili kazi ya kufanya, na uchungu hupata mahali pa kuketi.

KUJIKAZA NA KUSTAHIMILI

Katika jamii nyingi, na hasa kwa wanaume, hudhaniwa kwamba njia bora ya kukabili picha za kutisha ni kujikaza: kutolia, kutokunja uso, kutoonyesha lolote. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliipima dhana hiyo. Waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu filamu za tiba za kutia kinyaa, wakawataka baadhi yao wazuie ishara zote za hisia, hata mtu akiwatazama asitambue kama wanahisi chochote. Wanafunzi hao walifaulu kuzificha nyuso zao, lakini walipoulizwa walisema kwamba hisia zenyewe hazikupungua. Tena vipimo vya ngozi na vya mishipa ya damu vilionyesha kwamba miili yao ilikuwa katika taharuki kubwa zaidi kuliko ya wale waliotazama bila kujizuia.

Mwaka 1998 Gross alilinganisha kujikaza na njia nyingine, ile ya kuipa filamu maana tofauti tangu mwanzo, kwa mfano kuitazama kama mwanafunzi wa udaktari anayejifunza kazi. Waliofuata njia hii ya pili walihisi kinyaa kidogo zaidi, na miili yao haikulipa gharama ile ya kujizuia. Baadaye, mwaka 2000, Jane Richards na Gross walionyesha kwamba mtu anayezuia hisia hukumbuka kwa uchache zaidi mambo aliyoyaona na kuyasikia, kwa sababu sehemu ya akili yake imeshughulika na kuulinda uso.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Kwa mtazamaji wa filamu za historia hasara ni mara mbili: anayejikaza huumia zaidi ndani ya mwili, na tena hutoka akiwa amejifunza machache. Machozi ukumbini hayamzuii mtu kuelewa.

KUUMIA NA KUHURUMIA

Utafiti wa miaka ya karibuni umetenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. La kwanza ni kuumia pamoja na mwenye kuumia, ambapo uchungu wa mwingine huingia ndani ya mtazamaji na kuwa uchungu wake mwenyewe. La pili ni huruma, ambapo mtu hutambua uchungu wa mwingine, akamtakia heri na kutamani kumsaidia.

Olga Klimecki na Tania Singer, pamoja na wenzao, waliwafundisha watu waliojitolea kwanza kuumia pamoja na watu walioonekana katika filamu fupi za mateso, kisha wakawafundisha kuwahurumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba mafunzo ya kwanza yaliongeza simanzi. Mafunzo ya huruma yaliipunguza simanzi hiyo na kurudisha hisia njema, ingawa picha zilizotazamwa ziliendelea kuwa za mateso. Picha za ubongo zilionyesha kwamba hali hizo mbili hutumia mitandao tofauti ya ubongo.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mtu aliyezama katika kuumia hufika mahali ambapo haja yake kubwa ni kujiokoa yeye mwenyewe, naye hufunga macho au huondoka. Mwenye huruma anaweza kuendelea kutazama, kwa kuwa macho yake yako kwa yule anayeteseka. Mtazamaji anapohisi kwamba anazama, hufaa ajiulize: Mtu huyu alikuwa nani? Alitaka nini maishani? Nani alimsaidia, na nani angeweza kumsaidia asifanye hivyo? Maswali kama hayo humvuta kutoka katika uchungu wake na kumrudisha kwa mwenye kisa.

PICHA ZINAZORUDI

Baada ya filamu nzito, watu wengi hupatwa na picha zinazorudi ghafla bila kuitwa: wanapokula, wanapofunga macho kulala, au wanaposikia sauti fulani. Kwa watu wengi picha hizo hupungua zenyewe baada ya siku chache. Ubongo unaendelea kulipanga jambo ambalo lilikuwa kubwa mno kupangwa kwa mara moja.

Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake nchini Uingereza walichapisha jaribio la kuvutia. Watu 40 walionyeshwa filamu yenye matukio ya majeraha na vifo. Baada ya nusu saa, nusu yao walicheza kwa dakika 10 mchezo wa kompyuta uitwao Tetris, ambao hudai kupanga maumbo ya rangi kwa macho na mikono. Katika juma lililofuata, wale waliocheza walirudiwa na picha za filamu mara chache zaidi kuliko wenzao. Lakini walipoulizwa juu ya filamu yenyewe, walikumbuka sawasawa na wengine. Maelezo ya watafiti ni kwamba sehemu ya akili inayohifadhi picha ina nafasi finyu. Ikishughulishwa na kazi ya macho na mikono mapema, picha za kutisha hazipati nafasi ya kujichimbia kwa nguvu, na habari zenyewe hubaki.

Kwa upande mwingine, kurudia rudia picha zile zile kuna madhara. Baada ya mabomu kulipuka katika mashindano ya mbio za marathoni mjini Boston, Marekani, mwezi Aprili 2013, Alison Holman na wenzake waliwahoji watu wazima 4,675. Waliotumia saa sita au zaidi kila siku katika juma la kwanza wakifuatilia habari na picha za tukio hilo walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo kuliko hata watu waliokuwapo mahali pa tukio au karibu napo. Uchunguzi wa aina hii hauwezi peke yake kuthibitisha kipi kilileta kipi, kwani huenda wenye wasiwasi zaidi ndio waliotazama zaidi. Lakini unaonya kwamba wingi wa picha si kipimo cha kujali. Kutazama filamu moja kwa makini na kuizungumza kunafundisha kuliko kutazama tano mfululizo usiku kucha.

WATENGENEZAJI WA FILAMU NA KIPIMO CHA UCHUNGU

Watengenezaji wa filamu wenyewe wamelitafakari suala hili kwa njia mbalimbali. Alain Resnais wa Ufaransa, katika filamu yake ya mwaka 1955 iitwayo Nuit et brouillard, alionyesha maiti na mateso waziwazi. Lakini filamu hiyo ina dakika 32 tu, na picha za kale zisizo na rangi zinapishana na picha za rangi za kambi zilizoachwa tupu, nyasi zikiwa zimeota. Maneno yake yaliandikwa na Jean Cayrol, mshairi aliyenusurika katika kambi ya Mauthausen. Claude Lanzmann alishika njia nyingine. Filamu yake Shoah ya mwaka 1985, iliyomchukua miaka 11 kuitengeneza, inadumu zaidi ya saa tisa na haina hata picha moja ya kale ya maiti. Ndani yake mna nyuso za watu wanaosimulia na mahali palipotendeka maovu, basi.

Rithy Panh wa Kambodia alipoteza wazazi wake na jamaa wengine chini ya utawala wa Khmer Rouge wa mwaka 1975 hadi 1979. Katika filamu yake ya mwaka 2013, L'Image manquante, alitumia vinyago vidogo vya udongo vilivyopakwa rangi kuwasimamia watu ambao picha zao hazikubaki. Mtazamaji haoni tone la damu, lakini hatoki akiwa na shaka juu ya kilichotendeka.

Mtu anayetaka kuijua historia hii halazimiki kuanzia mahali pagumu kuliko pote. Halazimiki pia kuamini kwamba filamu yenye damu nyingi ndiyo yenye ukweli mwingi. Inafaa achague filamu kwa kadiri ya nguvu zake, na kuiendea nyingine wakati mwingine.

RWANDA: PALE MTAZAMAJI NI MANUSURA

Kwa wakazi wa Afrika ya Mashariki, suala hili liko karibu sana. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyoanza nchini Rwanda mwezi Aprili 1994 yaliwaangamiza, katika muda wa siku 100 hivi, watu wasiopungua 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Kesi za wakuu wa mauaji hayo zilisikilizwa Arusha, Tanzania, katika mahakama ya kimataifa iliyofanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015.

Mwezi ule wa Aprili, mpiga picha Mwingereza Nick Hughes, akiwa juu ya jengo la shule mjini Kigali, alirekodi kwa mbali watu wakiuawa barabarani. Hizo ni miongoni mwa picha chache sana za sinema zinazoonyesha mauaji yenyewe yakitendeka, nazo zilitumika kama ushahidi Arusha. Baadaye Hughes, akishirikiana na Mnyarwanda Eric Kabera, alitengeneza 100 Days, filamu ya mwaka 2001 iliyopigwa nchini Rwanda kwenyewe. Mwaka 2005 ilitoka Sometimes in April ya Raoul Peck wa Haiti, nayo ilipigwa Rwanda. Sehemu ya kisa chake imewekwa Arusha, ambako ndugu mmoja anakwenda kumwona mwenzake aliyeshtakiwa.

Filamu hizi zinapoonyeshwa Rwanda, mtazamaji anaweza kuwa mtu aliyekuwa ndani ya kisa. Kwake yeye maelezo yote yaliyotangulia hayatoshi. Picha, wimbo au sauti ya filimbi inaweza kumrudisha palepale kana kwamba miaka haikupita. Wanyarwanda wana neno lao la hali hiyo, ihahamuka, linaloambatana na kukosa pumzi, kutetemeka na hofu kuu. Kila mwaka, maombolezo yanapoanza tarehe 7 Aprili, hali hiyo huwapata watu wengi, na kwa sababu hiyo washauri nasaha na wahudumu wa afya hukaa tayari katika shughuli za kumbukumbu.

Manusura hadaiwi kutazama filamu ya mateso yake. Asiyetaka kutazama asihukumiwe, na anayetaka asizuiwe, bali apewe mtu wa kukaa naye. Wanaoonyesha filamu hizi katika shule au makanisa, ndani ya Rwanda na katika nchi jirani zenye wakimbizi, wanapaswa kukumbuka kwamba hawajui nani ameketi katika safu ya nyuma.

NGUVU YA KUTAZAMA PAMOJA

Desturi za matanga zinawafundisha watu wa Afrika ya Mashariki kwamba mfiwa haachwi peke yake. Majirani huja, huketi, hata kama hawana la kusema. Jaribio lililofanywa na Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, lililochapishwa mwaka 2016, linaiunga mkono hekima hiyo. Watu waliotazama kwa pamoja filamu ya huzuni kuu, iliyotokana na maisha ya kweli ya mtu mmoja, walionekana kwa wastani kuweza kuvumilia maumivu ya mwili zaidi kuliko kabla ya filamu, na walijihisi karibu zaidi na wenzao waliokuwa ukumbini. Waliotazama filamu za maelezo zisizo na huzuni hawakuonyesha badiliko hilo. Watafiti wanadhani kwamba huzuni ya pamoja huamsha endofini, kemikali za ubongo zinazopunguza maumivu na kuwaunganisha watu.

Mfano mkubwa ulionekana Ujerumani Magharibi mwezi Januari 1979, ilipoonyeshwa katika televisheni filamu ya Kimarekani ya sehemu nne iitwayo Holocaust, iliyosimulia kisa cha kubuni cha familia moja ya Kiyahudi. Wako walioilaumu kwa kurahisisha mambo, akiwemo mwandishi Elie Wiesel, aliyenusurika Auschwitz. Lakini watayarishaji walifanya jambo la busara: baada ya kila sehemu, wanahistoria na manusura waliketi studio kujibu maswali ya watazamaji. Maelfu ya watu walipiga simu, wengine wakilia, wengine wakieleza mambo waliyoyanyamazia kwa zaidi ya miaka 30. Mwezi Julai mwaka huo Bunge liliondoa ukomo wa muda wa kushtaki kosa la mauaji, hata wauaji wa enzi ya Hitler wakabaki kuwa wa kushtakiwa. Mjadala wa sheria hiyo ulikuwa umeanza kabla ya filamu, lakini wanahistoria wengi huihesabu filamu kuwa miongoni mwa mambo yaliyousukuma.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kabla ya kutazama: Mtazamaji asome habari za tukio walau kwa ufupi, ajue filamu inahusu nini na ina picha za namna gani. Mshtuko wa kutojua hauongezi elimu. Mwalimu awaeleze wanafunzi mapema, na awape ruhusa ya kutoka bila kuona aibu. Watoto wadogo wasionyeshwe picha za mauaji. Wao huweza kudhani kwamba picha inayorudiwa ni tukio jipya linalotokea tena, tena karibu na nyumbani. Historia wasimuliwe kwa maneno yanayolingana na umri wao. Saa za kabla ya kulala hazifai kwa filamu hizi.

Wakati wa kutazama: Asijizuie kulia wala kukunja uso. Akihisi taharuki inazidi, aelekeze macho kwa muda kwenye ukingo wa pazia au kwenye mikono yake, akanyage sakafu kwa nguvu, na avute pumzi polepole huku akiitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, kwani kutoa pumzi taratibu husaidia moyo kupunguza mwendo. Kusimamisha filamu nyumbani na kuiendeleza siku nyingine hakuondoi heshima kwa waliokufa.

Baada ya kutazama: Mwili uliojiandaa kukimbia upewe nafasi ya kutembea. Kazi ya mikono inafaa, kama vile kupika, kushona au mchezo wa kupanga vitu. Kisha yafuate mazungumzo na mtu mwingine, yahusuyo waliyoyaona na jinsi yalivyowezekana. Pombe haifai kuwa dawa ya kusahau. Picha zikiendelea kurudi kwa zaidi ya mwezi mmoja, au mtu akikosa usingizi, akiogopa mahali na watu bila sababu, au akihisi hana thamani ya kuishi, aende kituo cha afya mapema.

Hatimaye mtazamaji atafute jambo la kutenda, kwani uchungu mwingi hutokana na kujiona hana uwezo. Kinachoonyeshwa katika filamu kimekwisha kutendeka, lakini wapo manusura wanaohitaji msikilizaji, wakimbizi wanaohitaji jirani mwema, na maneno ya chuki yanayosemwa leo yanayohitaji mtu wa kuyakanusha.

Manusura wa kambi za Wanazi waliobaki hai sasa ni wachache na wazee sana. Watoto walionusurika Rwanda mwaka 1994 wamekwisha kuwa watu wazima wenye watoto wao. Wakati huo huo, wako watu wanaodai hadharani kwamba mauaji hayo hayakutokea, au kwamba yametiwa chumvi. Madai hayo hupata nguvu pale watu wema wanapoona ushahidi ni mchungu mno kutazamwa. Ustahimilivu unaofundishika, kama sayansi inavyoonyesha kuwa unafundishika, una kazi kubwa kuliko kumpa mtu usingizi mzuri. Unamwezesha kukaa hadi mwisho wa ushuhuda wa mwenzake, na kuondoka akiwa anaweza kuusimulia kwa usahihi.